Shangingi la mtumba na milima yetu
Mazungumzo na wanachama wa chama cha akiba na mikopo, Mbeya

Mwenyekiti, ndugu wanachama, na mama zangu mliofunga vibanda Mwanjelwa mapema ili mfike hapa, asanteni sana. Wa kutoka Tukuyu, ndaga fijo.

Katibu aliponipigia simu aliniambia kamati ya mikopo ina maombi mezani ya watu wanaotaka kununua magari makubwa ya Ulaya yaliyotumika. Land Rover Discovery, Range Rover, BMW X5, Volkswagen Touareg, Mercedes ML. Akaniomba nije niseme kama chama kikopeshe au kisikopeshe. Hilo la kukopesha nawaachia wenyewe. Mimi ni fundi, magari haya ndiyo yanayonilisha, na nitawaambia nilichokiona gerejini. Wengine wenu mtaweka shamba dhamana kwa ajili ya gari, kwa hiyo sitaficha kitu.

Nianze na uzuri wake, kwa sababu mafundi wengi hukimbilia kuyatukana magari haya, na si haki. Panda Kitonga usiku wa mvua ukiwa nyuma ya malori yaliyobeba makontena, halafu upate upenyo wa kuovateki. Ndipo utajua injini yenye turbo ina maana gani huku kwetu. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi. Injini isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda. Turbo inaisukuma ile hewa ndani kwa nguvu, kwa hiyo gari halichoki mapema. Nimepeleka Discovery 3 Makete mwezi wa tatu, utelezi mtupu, tukanyanyua bodi kwa kubonyeza kitufe, tukapita mahali ambapo Noah mbili zilikuwa zimelala mtaroni. Viti havikuumizi mgongo, mwanga wa taa unafika mbali, na likitokea la kutokea, lile bodi zito linakulinda. Mtu anayetamani gari la namna hii simlaumu. Anatamani kitu kizuri.

Sasa bei. Kwa nini gari lililokuwa la mawaziri unalipata kwa bei ya Harrier? Kule lilikotoka, mmiliki wa kwanza alilitunza chini ya waranti. Wa pili akalitunza kwa kujibana. Wa tatu alipoletewa hesabu ya matengenezo makubwa ya kwanza akaona bora aliuze. Wewe wa Mbeya unakuwa wa nne, na matengenezo aliyoyakimbia yule wa tatu yamekuja nalo ndani ya meli. Uzee umepunguza bei ya gari, lakini bei ya spea iko palepale. Kompresa ya hewa ya Range Rover haijui kwamba wewe ulinunua kwa milioni 40.

Kodi nayo. Chukulia kila shilingi 100 ya thamani ya gari pamoja na usafiri na bima mpaka bandarini. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, unafika 125. Ushuru wa bidhaa kwa injini inayozidi cc 2,000 ni asilimia 10, unafika 137 na nusu. VAT asilimia 18 inapigwa juu ya hayo yote, unakuwa kwenye 162. Hapo bado ushuru wa uchakavu kwa gari la zamani, na mengi ya haya ni ya zamani. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA mtandaoni kabla hujatuma hata senti Japani.

Nataka nikae kwenye jambo moja, nalo ni subira. Kwa miaka niliyofanya kazi hii, ni mara chache nimeyaona magari haya yakifa kwa ugonjwa mkubwa uliokuja ghafla. Mengi yanakufa kwa kitu kidogo ambacho mwenyewe alikiona, akaambiwa, akasema, "Fundi, tutafanya mwisho wa mwezi."

Kuna kaka mmoja mfanyabiashara wa mpunga, anatoka upande wa Ubaruku. Alikuwa na X5 ya petroli, ile ya toleo la kwanza, nyeupe, safi kweli. Kwenye gari lile lipo tanki dogo la plastiki la maji ya rejeta. Plastiki ile ikipata joto na baridi kwa miaka mingi inakakamaa, inapata ufa mwembamba kama unywele. Nilimwonyesha kwa tochi. Ufa ulikuwa kwenye mshono wa ubavuni, pembeni yake alama nyeupe za maji yaliyokauka. Nikamwambia tuagize tanki jipya na mfuniko wake. Akasema ana safari ya Dar, akirudi. Akawa anaongeza maji ya bomba kila asubuhi.

Dar alifika salama. Kurudi, akafika Ruaha Mbuyuni, akala, akaanza kupanda Kitonga. Sasa sikilizeni vizuri. Mshale wa joto kwenye gari lile umetengenezwa utulie katikati hata joto likipanda na kushuka kwa kiasi kikubwa, ili dereva asipate wasiwasi. Kwa hiyo aliuona katikati, akaendelea. Ulipoanza kuhama ulikimbia moja kwa moja hadi kwenye nyekundu. Nafasi ya kuegesha hakuna, nyuma malori, akasema nifike juu. Alifika juu. Silinda hedi, yaani kichwa cha injini, ambayo ni ya aluminiamu, ilikuwa imepinda, gasketi imeungua, na nyuzi za bolti za hedi zimeng'oka kutoka kwenye bloku, kwa kuwa bloku nayo ni ya aluminiamu. Gari lilikuja Mbeya juu ya lori. Tanki ile, hata ikiwa mpya ya kuagiza, bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na injini. Niliumia siku ile, na mpaka leo najiuliza kwa nini sikumnyima funguo.

Kuhusu maji ya bomba. Mama zangu mnajua maharage huku kwetu yanachukua muda mrefu kuiva kuliko Dar. Sababu ni kwamba maji hapa yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, hayafiki 100. Injini za Wajerumani nyingi zimepangwa kufanya kazi kwenye nyuzi 95, hata 105. Zinaweza kwa sababu mfuniko unafunga mgandamizo ndani, na kwa sababu ya kuulenti, yale maji maalumu ya rejeta. Ukiwa na ufa, mgandamizo unatoka, na maji matupu yanachemka ndani ya injini wakati mshale bado unakuambia mambo ni shwari. Kuulenti pia inazuia kutu, na wenzetu wa Kitulo, mnaoona barafu kwenye majani mwezi wa sita na wa saba, inazuia maji yasigande na kupasua rejeta. Dereva wa Dar anaweza kuponea chupuchupu na maji ya bomba kwa muda. Sisi wa huku hatuwezi.

Mwenzake X5 kwa ugonjwa huu wa maji ni Porsche Cayenne ya V8 ya miaka ya mwanzo. Ile ina mabomba ya plastiki ya maji, yamepita juu ya injini, chini ya manifoldi, mahali ambapo huyaoni. Yanapasuka. Yapo ya aluminiamu ya kubadilishia, na anayenunua gari lile aulize kwanza kama yamebadilishwa. Touareg inakula beringi ya katikati ya propela shafti, utasikia mtetemo na kugonga chini ya sakafu. Hayo nayapita.

Suspensheni ya upepo, yaani mipira iliyojazwa hewa inayobeba bodi badala ya springi, sitaipita, maana ndiyo inayowaletea wengi majonzi. Asubuhi unatoka nje, unakuta gari limelala kona moja, kama ng'ombe aliyepiga magoti. Unawasha, linainuka, unafurahi, unaenda kazini. Kumbe mpira wa upepo umepata nyufa kwenye mikunjo. Chukua chupa ya maji yenye sabuni, gari likiwa limenyanyuka, nyunyiza pale kwenye mkunjo wa chini wa mpira, subiri kidogo. Utaona mapovu madogo yanajipanga. Ndilo tundu lenyewe. Sasa kila upepo unapovuja kompresa inaamka kuujaza, inafanya kazi mchana kutwa, inapata joto, inaungua. Mwenye gari anakuja na kompresa mpya mkononi, anataka tufunge hiyo tu. Baada ya miezi michache nayo imeungua, kwa sababu mpira haukuguswa. Alikuwa na tatizo la mpira mmoja, akalipia kompresa mbili.

Wapo wanaong'oa mfumo wote na kuweka springi za kawaida. Sikatai, kwa mtu anayeishi mbali na mwenye kipato cha msimu ni uamuzi mzuri. Ila ajue amepoteza kile kitufe kilichotuvusha Makete.

Breki. Discovery 3 ina uzito wa karibu tani mbili na nusu kabla hujapakia magunia ya viazi. Ishushe Mlima Nyoka au Iwambi kwa mguu juu ya breki na uone. Mafuta ya breki yanavuta unyevu kutoka hewani. DOT 4 mpya inachemka si chini ya nyuzi 230, lakini ikishavuta unyevu kiwango kinaweza kushuka mpaka 155. Yakichemka yanakuwa na mapovu, unakanyaga na pedeli inakwenda mpaka chini. Badilisha kila baada ya miaka miwili, na ukishuka weka gia ndogo. Hii ni kazi ya saa moja gerejini. Nawasihi, hii msiiahirishe hata siku moja, kwa sababu barabara hizi tunachangia na mabasi na watoto wa shule.

Injini za dizeli za V6 za Land Rover, ile ya 2.7 na ya 3.0 iliyofuata, zina sifa ya kukata krenki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Beringi inageuka, oili haipiti, krenki inakatika vipande viwili. Siwezi kuwaahidi kwamba oili safi itazuia kila krenki isikatike. Ninachojua ni kwamba gari linalobadilishwa oili kila kilomita 8,000 silioni kwangu kwa ugonjwa huo kama lile la kilomita 20,000. Mkanda wa taimingi nao una umri, kwa ile ya 2.7 kiwanda kilisema miaka saba au kilomita 168,000. Gari la mwaka 2006 lisilo na karatasi ya mkanda, lihesabu kwamba halijawahi kubadilishwa. Na turbo ikifa, kwenye Discovery 3 njia rahisi ni kunyanyua bodi zima kutoka kwenye chesi. Muulize fundi wako kama ana nyenzo za kufanya hivyo kabla hajaanza kufungua nati.

Mtu akiniuliza kwa nini V8 ya Toyota imeshikilia bei hivyo, jibu ni hili hili la subira. Spea yake unaipata Makambako, Tunduma, hata Chunya, na fundi aliyeizoea yupo. Kwa gari la Ulaya, spea inatoka Dar kwa basi ukibahatika, au inaagizwa nje na unasubiri wiki kadhaa. Hizo wiki ndizo zinazomshawishi mtu aendelee kuliendesha likiwa bovu.

Kwa hiyo mwanachama anayekuja kwenu na ombi, muulizeni swali moja ambalo fomu yenu haina: baada ya kununua, atabaki na shilingi ngapi? Mimi nawaambia wateja wangu watenge theluthi ya bei ya gari, iwe benki, isiguswe. Mwenye milioni 40 anunue la milioni 30. Asiyeweza kutenga, achukue gari dogo na aishi kwa amani, na mimi nitamhudumia kwa heshima ileile.

Na kabla ya kulipa, pima. Likiwa limetoka Japani, dai karatasi ya mnada. Alama ya R maana yake liliwahi kugongwa likatengenezwa. Likiwa limetoka Uingereza na una namba yake ya kule, historia ya ukaguzi wa kila mwaka iko bure kwenye tovuti ya serikali yao, na maili lilizotembea zimeandikwa. Ukiona zimeshuka badala ya kupanda, ondoka. Halafu ingia uvunguni, chumvi wanayomwaga barabarani kule wakati wa baridi inakula mabomba ya breki. Usikubali kipimo cha kile kidude kidogo kinachochomekwa kwenye gari na kusomwa kwa simu peke yake. Kinasoma injini, lakini suspensheni na breki ya mkono ya umeme hakizioni. Na usinunue gari ulilolikuta linanguruma. Muuzaji akilipasha moto kabla hujafika, anakuficha kitu. Mwambie utarudi kesho asubuhi, na ufike kabla yake.

Hapo nje nimekuja na Discovery ya mteja wangu mmoja, ameniruhusu. Imelala hapo tangu jana jioni, haijawashwa. Nina tochi na chupa ya maji ya sabuni. Twendeni tukaiwashe ikiwa ya baridi hivyo hivyo, kila mmoja aweke sikio, halafu mtaniambia nyie ni kona ipi inayovuja.