Minazi 14 ya Takaungu

ATHUMANI: Karibuni tena. Leo Zuhura kaingia na bahasha kwapani, hata salamu hakuna.

ZUHURA: Salamu zitatoka wapi? Yule mtoto wa kaka yangu, aliyewasomea kaswida hapa Ramadhani, kanyimwa visa ya masomo ya Kanada. Barua kaipata kwa simu, akaenda kuichapisha saiba Kongowea. Wino ukaisha njiani, sababu yasomeka nusu.

ATHUMANI: Nusu hiyo yasemaje?

ZUHURA: Afisa hakuridhika kwamba ataondoka Kanada masomo yakiisha. Ati hana cha kumrudisha huku.

ATHUMANI: Na minazi je?

ZUHURA: Haya, kaanza.

ATHUMANI: Si babake ana minazi 14 Takaungu?

ZUHURA: 12. Miwili imeliwa na wale wadudu chonga. Na ardhi si yake.

ATHUMANI: Mpwani ataelewa: shamba la fulani, mnazi wa fulani, mgema wa fulani. Sasa kamweleze afisa wa visa kwamba una mti kwenye ardhi ya mwenzio, na madafu yake ndiyo yatakayokurudisha nyumbani!

ZUHURA: Ndiyo maana hatukuitia kwenye faili.

ATHUMANI: Hamkuitia? Subhanallah! Mmetia nini, picha ya harusi?

ZUHURA: Taarifa ya benki, na barua ya kaka kwamba mtoto akirudi atashika duka. Afisa hakuvigusa hata kwa neno moja. Kwa hivyo tunakwenda mahakamani. Uamuzi ukitolewa nje ya Kanada, una siku 60 za kuiomba Mahakama ya Shirikisho ruhusa iupitie. Ada ya kufungua ni dola 50 za Kanada tu.

ATHUMANI: Na ya wakili? Halafu ukishinda, jaji hakupi visa. Anarudisha faili, afisa mwingine alitazame upya.

ZUHURA: Alitazame! Mwaka 2019, kwenye kesi ya Vavilov, yule aliyezaliwa Toronto kumbe wazazi ni majasusi wa Urusi, Mahakama ya Juu ya Kanada ilisema sababu ziwe na mantiki, zioane na ushahidi uliokuwa mbele ya mwamuzi.

ATHUMANI: Uliokuwa mbele yake, Zuhura. Minazi haikuwa mbele yake! Na kule kwenye mapitio, ushahidi mpya kwa kawaida haupokewi. Omba upya, tia minazi, tia na mgema aape.

ZUHURA: Niombe upya, na lile "hapana" la kwanza nimeliacha limekaa kwenye faili kama lilikuwa la haki?

ATHUMANI: Muhula wa Septemba haumngoji jaji.

ZUHURA: Wewe hata matatu ikikuzidishia shilingi 20 unalipa, unashuka, umenyamaza.

ATHUMANI: Nafika lakini.

ZUHURA: Sikubali.

ATHUMANI: Wala mimi.

ZUHURA: ...

ATHUMANI: Tulikuwa na mambo matatu ya kumfunza msikilizaji leo.

ZUHURA: La kwanza, maelezo aliyoandika afisa kwenye faili, kama hayakuja na barua, yaombe, maana ile barua ni muhtasari tu. La pili...

ATHUMANI: Maghribi hiyo inaadhiniwa. La pili na la tatu wiki ijayo.

ZUHURA: Ngoja, kaka kaandika. Mnazi mmoja umeangukia banda la kuku jana usiku.

ATHUMANI: 11! Ziwahini hizo siku 60, Zuhura, msije mkaapia makuti.