Malta: mchanga si hoja

NEEMA: Karibuni tena wasikilizaji. Leo tuko Malta, ile Melita ya Matendo ya Mitume sura ya 28, Paulo alipovunjikiwa merikebu. Kaka Salim, mtu wa Lamu unakata tiketi kwenda kuogelea Ulaya! Nyumbani wanasemaje?

SALIM: Wananicheka, na wana haki. Kama shida yako ni mchanga mweupe, dada, baki kwetu Shela. Pwani ya Malta sehemu kubwa ni majabali. Watu wanatandika taulo juu ya mwamba, wakichoka joto wanajirusha majini. Mchanga upo, Golden Bay, Mellieħa, na Ramla kule Gozo, kisiwa cha pili cha Malta, ambako umeelekea wekundu. Ila Julai na Agosti hupati pa kukaa.

NEEMA: Na ile Blue Lagoon, ghuba ya kisiwa cha Comino?

SALIM: Maji ni yale yale ya kwenye picha. Wasiopigwa picha ni watu! Kisiwa chenyewe kidogo, boti zinashusha abiria tangu asubuhi. Nenda mwishoni mwa Septemba, bahari bado ina joto na wanafunzi wamesharudi shule.

NEEMA: Mimi bahari niliiaga mapema, nikahamia Valletta, mji mkuu. Mji ulianza kujengwa 1566, mwaka mmoja tu baada ya jeshi la Waturuki kukizingira kisiwa likashindwa. Wenye mji walikuwa wale watawa wapiganaji wa Mtakatifu Yohane. Kanisa lao sakafu nzima ni makaburi, mia nne hivi, marumaru za rangi zenye mafuvu na malaika. Ukija na viatu vya mchuchumio huingii, kisigino kinachimba marumaru.

SALIM: Wakakurudisha?

NEEMA: Nilivaa raba, sikuwa na habari nao. Ndani kuna mchoro wa 1608 wa Caravaggio, mchoraji wa Italia, Yohane Mbatizaji anakatwa kichwa, na mchoraji ameandika jina lake ndani ya ile damu inayomwagika chini. Nilisimama pale mpaka mlinzi akaanza kunitazama vibaya.

SALIM: Sasa hayo ni ya juzi. Vuka uende Gozo ukaone Ġgantija. Mahekalu ya mawe ya tangu mwaka 3600 hivi kabla ya Kristo, yaani piramidi za Giza bado kabisa. Wenyeji wa zamani walisema ni kazi ya majitu, na ukiyaona yale mawe huwezi kuwabishia.

NEEMA: Na lile kaburi la chini ya ardhi, Ħal Saflieni, wanaingia watu 80 tu kwa siku. Nunueni tiketi kabla hata ya kupanga hoteli. Haya, chakula.

SALIM: Pastizzi! Vitumbua vya... hapana, si vitumbua. Unga wa matabaka, ndani jibini ya rikota au njegere zilizopondwa, moto kutoka tanuri. Waislamu wenzangu, ulizeni mafuta, wengine bado wanatumia ya nguruwe. Na sungura, fahari ya kisiwa, wanampika kwa divai nyekundu. Mimi nilikula samaki.

NEEMA: Wa Marsaxlokk, kile kijiji cha wavuvi?

SALIM: Soko la Jumapili. Mashua zao wanazipaka buluu, njano na nyekundu, na kwenye omo kuna macho mawili. Nikajikuta naangalia mashua za kwetu, nazo zina macho.

NEEMA: Ya haraka haraka: viza ni ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, Kiingereza kinatosha, magari yanapita kushoto, soketi ni zile zile za kwetu.

SALIM: Na kivuko cha Gozo, kama dakika 25. Ukienda hulipi. Nauli wanadai ukirudi.

NEEMA: Na asiyerudi?

SALIM: Huyo kapanda bure. Nilimfikiria sana huyo mtu pale bandarini.