Mwaka wa 48 wa Chrysis

Karibuni jamani, sogeeni mbele, viti bado vipo. Sisi leo tukiulizwa mwaka gani tunataja namba tu na dunia nzima inaelewa, ila Ugiriki ya kale kitu hicho hakikuwepo, kila mji na hesabu yake. Athens mwaka unaitwa kwa jina la arkoni, yaani kiongozi wa mji aliye zamu, Sparta kwa jina la efori, kiongozi wao wa mwaka. Sasa mtu wa Argos, mji mwingine wa Ugiriki, akiwasimulia hao habari ya zamani wataelewana vipi?

Argos wao walihesabu kwa mwanamke. Mungu wao mkubwa alikuwa Hera, mke wa Zeus, na kuhani wake wa kike akishashika kazi anakaa miaka na miaka, basi miaka inahesabiwa kwake, mwaka wa kwanza wa fulani, wa pili, hivyo hivyo. Na mi naona walikuwa na akili sana, maana arkoni anabadilika kila mwaka inabidi ukariri majina kibao, kuhani mmoja anakubebea nusu karne! Mwandishi wa historia Hellanicus, wa kisiwa cha Lesbos, aliliona hilo, akaipanga historia ya Wagiriki kwa kufuata makuhani hao.

Thucydides naye, mwandishi mwingine wa historia, akitaka kusema vita ya Athens na Sparta ilianza lini, mwaka 431 KK, anaanza na Chrysis, kuhani wa Hera: alikuwa mwaka wa 48 kwenye ukuhani wake Argos. Efori na arkoni wanafuata nyuma. Vita ya wanaume peke yao, na tarehe yake inaanza na mama wa hekaluni, hili huwa linanigusa kweli.

Halafu 423 KK, huyu mama keshazeeka, akaweka taa inayowaka karibu na mashada ya mapambo ya hekaluni, usingizi ukampitia, yakashika moto na hekalu lote likateketea. Usiku uleule akakimbilia mji wa Phlius kwa kuwaogopa watu wa Argos, nao wakamweka kuhani mpya, Phaeinis, hesabu ikaanza upya. Ila sanamu ya Chrysis hawakuivunja, msafiri na mwandishi Pausanias aliikuta imesimama pale karne ya 2 BK.

Na mambo haya hayakuishia Argos. Misri chini ya akina Ptolemaio, wafalme wenye asili ya Kigiriki, malkia Arsinoe alifanywa mungu wa kike, na binti anayebeba kikapu kitakatifu chake akawa anabadilishwa kila mwaka, jina lake linaandikwa juu kabisa kwenye mikataba, hata ya kawaida tu ya watu. Mpaka leo wataalamu wakiokota kipande cha papirasi, karatasi ya kale ya matete, jina la yule binti linaweza kuwaambia ni mwaka gani.

Haya, mwenye swali anyooshe mkono.