Kumlipa Mteja Kwenye Kadi Yake

Mabibi na mabwana, habari za jioni. Ahsanteni kwa kuja.

Naomba kila mmoja wenu akumbuke mara ya mwisho alipoidai kampuni fedha zake halali. Pengine ilikuwa fidia ya bima baada ya ajali, au ujira wa kazi aliyoipata kupitia programu ya simu. Aliambiwa nini? "Subiri siku tatu hadi tano za kazi." Kwa anayedai, siku hizo ni ndefu mno, maana mwenye nyumba hahesabu siku za kazi, wala ugonjwa hauhesabu.

Huduma ninayoizungumzia leo imezifuta siku hizo kwa watu wengi: kampuni inatuma fedha moja kwa moja kwenye kadi ya debiti ya mteja, naye anaziona kwenye salio lake baada ya dakika chache. Naipenda huduma hii, na ndiyo maana nina neno la kuwaambia ninyi mtakaoijenga na kuisimamia. Hatari iliyokuwa imetandazwa katika siku tano sasa imerundikana yote katika dakika moja, ile inayotangulia kubonyeza kitufe.

Tuanze na njia yenyewe. Kadi ilibuniwa ili fedha zitoke kwa mwenye kadi. Unanunua, benki yako inaulizwa kama salio lipo, inaitikia, muuzaji analipwa. Baadaye ikaonekana kwamba ujumbe unaweza kupita njia hiyohiyo kwa kuelekea upande wa pili, ukiiambia benki ya mteja: mwongezee huyu kiasi fulani. Msiuchanganye na urejeshaji wa fedha za bidhaa iliyorudishwa, kwa sababu ule hufungwa kwenye manunuzi yaliyokwisha kufanyika, na mara nyingi huchukua siku kadhaa. Huu hauhitaji manunuzi yoyote ya awali. Visa wanaiita huduma yao Visa Direct. Mastercard waliita yao Mastercard Send, na siku hizi wanatumia jina Mastercard Move. Madereva wa Lyft, kampuni ya usafiri wa kuitwa kwa programu ya simu nchini Marekani, walianza mwaka 2015 kuchukua mapato yao siku hiyohiyo badala ya kungoja malipo ya wiki, na Uber wakafuata mwaka 2016.

Kampuni haiingii peke yake kwenye mtandao wa kadi, kama ule wa Visa au Mastercard. Hupitia benki inayoidhamini, au mtoa huduma wa malipo mwenye benki nyuma yake, na kwa kawaida hutakiwa kuweka fedha huko mapema. Ombi linaondoka, linafika kwa benki iliyotoa kadi, na jibu linarudi ndani ya sekunde chache. Kwa benki zilizowezeshwa kupokea kwa haraka, kanuni za Visa zinataka mteja azione fedha ndani ya dakika 30 tangu muamala uidhinishwe.

Hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Mteja anapoona salio limeongezeka, fedha zenyewe bado hazijafika kwenye benki yake. Benki hufanyiana hesabu baadaye, mara nyingi siku ya kazi inayofuata. Benki ya mteja imetanguliza za kwake kwa kuamini kwamba mtandao utahakikisha inalipwa. Kwa hiyo mtumaji hapewi kamba ya kuzivuta fedha zikishaondoka. Ukikosea, unabaki kumwomba aliyepokea azirudishe.

Basi ukaguzi wote utangulie. Namba ya kadi ina kinga yake ya kuzaliwa: tarakimu ya mwisho hupatikana kwa kukokotoa zile zilizotangulia, kwa kanuni ya Hans Peter Luhn wa kampuni ya kompyuta ya IBM, iliyopewa hataza mwaka 1960. Mtu akikosea tarakimu moja, kosa litaonekana papo hapo. Tarakimu za mwanzo, nazo, zinaonyesha benki iliyotoa kadi na kama kadi ni ya debiti au ya mkopo. Hilo si dogo. Ukituma fidia kwenye kadi ya mkopo, unaweza kuwa umempunguzia mtu deni, na yeye alihitaji fedha za kutumia.

Lakini hesabu hiyo haikuambii kadi ni ya nani. Mwizi aliyeingia kwenye akaunti ya mteja wako ataweka kadi yake halali kabisa, isiyo na kosa hata la tarakimu moja, kisha ataomba malipo yote. Ndiyo sababu nasisitiza: kadi ikibadilishwa, mjulishe mteja kwa njia ya mawasiliano aliyokuwa nayo kabla ya mabadiliko, na malipo ya kwanza kwenda kwenye kadi mpya yacheleweshwe kidogo. Wapo watakaolalamika kwamba tunaua haraka tuliyoiahidi. Nayakubali malalamiko hayo, na bado ningechelewesha.

Sasa nije kwenye jambo linaloninyima usingizi, nalo ni kimya. Ombi limetumwa, sekunde zinapita, jibu halirudi. Huenda ombi halikufika. Huenda pia lilifika, mteja akalipwa, na jibu ndilo lililopotea njiani. Aliye upande wa kutuma hawezi kutofautisha kwa kutazama tu.

Niliwahi kufanya kazi katika timu iliyotuma fidia kwa njia hii. Usiku mmoja mawasiliano yalilegea, na mfumo wetu ulikuwa umefundishwa kwamba kimya ni kushindwa, kwa hiyo ukatuma tena. Asubuhi tulikuta watu wamelipwa mara mbili, wengine mara tatu. Tukaanza kuwapigia simu mmoja mmoja. Mama mmoja alikuwa keshalipa ada za wanawe kwa fedha zote, na akalia akidhani tunamshitaki kwa wizi. Hakuwa na kosa hata chembe. Sauti yake ninayo hadi leo.

Tulipochunguza, tulikuta kila ombi lilikuwa na namba yake ya utambulisho, kama tulivyoelekezwa. Tatizo ni kwamba kila jaribio lilitengenezewa namba mpya, hivyo mtoa huduma aliona madeni matatu mahali palipokuwa na moja. Namba hiyo lazima iwe ya deni lenyewe, si ya jaribio. Itengenezwe mara moja, ihifadhiwe kabla ya ombi la kwanza kuondoka, na kila marudio yaibebe ileile. Mtoa huduma akiiona mara ya pili atarudisha jibu la kwanza bila kulipa upya. Na katika kumbukumbu zenu, pamoja na "imefaulu" na "imeshindikana", wekeni hali ya tatu: "haijulikani". Muamala ulio katika hali hiyo unaulizwa kwanza, hautumwi upya. Kila siku pia mtu alinganishe orodha yenu na taarifa ya mtoa huduma, mstari kwa mstari.

Kuhusu kuhifadhi namba za kadi nitasema kwa ufupi: msizihifadhi. Mwachieni mtoa huduma, ninyi mbaki na tokeni, yaani namba mbadala inayosimama badala ya namba halisi ya kadi. Kiwango cha usalama wa taarifa za kadi kiitwacho PCI DSS kipo tangu mwaka 2004, na njia nyepesi ya kukitimiza ni kutokuwa na cha kuibiwa.

Kuna suala la ada. Kampuni nyingi humkata mpokeaji kidogo ili apate fedha zake leo badala ya wiki ijayo. Mimi naliona hilo kuwa baya pale fedha zinapokuwa ujira uliokwisha kufanyiwa kazi, au fidia iliyokwisha kukubaliwa. Deni limeiva, na aliyechelewesha ndiye anayestahili kubeba gharama ya haraka. Mkiwa na sauti katika vikao vya kupanga ada, itumieni.

Mwisho, kadi huisha muda, hufungwa, na benki nyingine hazipokei miamala ya aina hii kabisa. Mpangieni mteja njia ya pili, kwa mfano akaunti yake ya benki, na mwambieni mapema kwamba hiyo itachukua siku ngapi. Naona mikono imeshanyooshwa. Tuanze na dada aliye mstari wa mbele.