Uzito wa Mtoto Si Kesi ya Mama Peke Yake

Ndugu wazazi, walimu, mwenyekiti wetu wa serikali ya mtaa, asanteni kwa kuja.

Mama akimleta kliniki mtoto aliyenenepa kupita kiasi, mara nyingi huanza kujitetea kabla sijamuuliza kitu. Inaniuma. Mtoto anashinda shuleni, mfukoni ana mia tano, na getini anakutana na vinywaji vya rangi na chipsi. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina sukari inayokaribia vijiko tisa vya chai. Mama yuko kazini. Atamzuiaje?

Kaskazini mwa Ufaransa kuna miji miwili midogo, Fleurbaix na Laventie. Mwaka 1992 shule zao zilianza kufundisha lishe. Watoto wakaelewa somo, lakini unene ukazidi kupanda. Ulianza kushuka baada ya mji mzima kuingia: mameya, madaktari, wafamasia, wenye maduka, vilabu vya michezo. Mwaka 2004 watoto wenye uzito uliozidi walikuwa asilimia 8.8, katika miji ya jirani inayofanana na hiyo, asilimia 17.8. Kwangu mimi somo ni hili: mtoto anaweza kujua vyote, lakini atakula kilichopo njiani kwake.

Basi juzi nikaenda kukaa na mama mwenye meza hapo getini. Nikamuuliza, mbona ndizi mbivu huuzi tena? Akafunua ndoo, akanionyesha zilizobaki jana, zimeshapiga weusi. "Dada, hizi zikilala hasara ni yangu. Biskuti ikilala haiharibiki." Tukimfukuza, watoto watavuka barabara kufuata biskuti zilezile. Lakini wazazi wa darasa la pili wakilipia ndizi za wiki nzima kila Jumatatu, hasara hiyo haimwangukii yeye. Nimeongea naye, yuko tayari.

Na walimu, nawaomba: jina la "bonge" life hapa shuleni. Mtoto anayechekwa hatoki kucheza, naye anahitaji angalau dakika 60 za kukimbia na kuruka kila siku.

Akimbie wapi? Mwenyekiti, kile kiwanja nyuma ya ofisi yako kimejaa kokoto tangu masika. Mimi Jumamosi saa moja asubuhi nitakuwepo na koleo. Nani mwenye toroli?