Ayrton Senna: Kipaji, Ujasiri na Doa la Suzuka

Wazee wetu, akina mama, nanyi vijana mliokuja kwa wingi jioni hii hapa Bukavu, nawashukuru kwa kuitikia mwaliko. Nimeombwa nimpime Ayrton Senna, dereva wa Brazili aliyezaliwa São Paulo mwaka 1960 na kufariki kwa ajali ya uwanja wa Imola, Italia, tarehe 1 Mei 1994, akiwa ameshatwaa ubingwa wa dunia wa mbio za magari za Formula 1 mwaka 1988, 1990 na 1991. Dereva huyu nampenda tangu ujana wangu, na kwa kuwa nampenda sitaki kumpamba. Swali langu ni moja: alipohatarisha maisha, alihatarisha ya nani?

Nianze na kipaji, maana hicho hakina ubishi. Mwaka 1984 huko Monaco, akiwa bado mgeni katika mashindano hayo, alianza katika nafasi ya 13 akiwa na gari dhaifu la Toleman, mvua ikinyesha kwelikweli. Mbio ziliposimamishwa kabla ya nusu ya safari, alikuwa wa pili na anamkaribia Mfaransa Alain Prost, aliyekuwa akiongoza, kila mzunguko. Wengi husema mvua alijaliwa. Mimi nasema aliisomea. Mwenyewe alisimulia kwamba alipokuwa kijana wa mbio za karti, yale magari madogo ya kuanzia, alishindwa vibaya siku ya mvua, na tangu hapo kila iliponyesha alitoka kwenda kufanya mazoezi. Barabara ikilowa, nguvu ya injini haina faida kubwa kwa sababu matairi hayaishiki lami, tena ile njia inayopitwa na wote wakati wa ukavu, iliyojaa mabaki ya mpira, ndiyo huteleza zaidi. Dereva mwerevu huiacha na kutafuta lami inayoshika pembeni. Senna alikuwa pia na tabia yake ya kukanyaga na kuachia mafuta upesiupesi akiwa ndani ya kona, mara kadhaa ndani ya sekunde moja, kana kwamba anaiuliza tairi ingali na uwezo gani. Huko Donington, Uingereza, mwaka 1993, katika mzunguko wa kwanza tu, alitoka nafasi ya tano akawapita madereva Schumacher, Wendlinger, Hill na Prost, ilhali magari ya Hill na Prost yalikuwa bora kuliko lake.

Ujasiri ni jambo jingine. Mwaka 1991 huko Interlagos, mbele ya watu wa kwao ambao hakuwahi kuwashindia, giaboksi ilimharibikia hadi akabaki na gia ya sita peke yake, na akaliburuta gari hadi mwisho katika mvua, akashinda, misuli ikiwa imekaza hata ikabidi asaidiwe kutoka garini. Hatari na maumivu ya siku ile vilikuwa juu ya mwili wake mwenyewe, nami namvulia kofia.

Sasa tuje Suzuka, uwanja wa mbio wa Japani. Mwaka 1989 Senna na Prost, waliokuwa timu moja ya McLaren, waligongana hapo. Senna akaendelea na kumaliza wa kwanza, lakini akaondolewa katika matokeo, na ubingwa ukamwendea Prost. Aliona amedhulumiwa, na hata leo wapo wengi wanaokubaliana naye. Mwaka uliofuata alikuwa na haki ya kuanza mbele, akaomba nafasi hiyo ihamishiwe upande safi wa barabara, akakataliwa. Prost, ambaye sasa alikuwa Ferrari, aliondoka vizuri zaidi. Kufika kona ya kwanza Senna hakupunguza mwendo, akamgonga, wote wawili wakaishia kwenye changarawe kwa mwendo unaozidi kilomita 200 kwa saa, huku magari zaidi ya 20 yakija nyuma yao. Kwa kuwa Prost hakupata pointi siku hiyo, ubingwa ukawa wa Senna. Mwaka 1991 alikiri hadharani kwamba alikuwa amekusudia.

Ninyi mnaoshuka Ngomo kuelekea Kamanyola mnafahamu maana ya dereva wa lori anayekataa kumwachia mwenzake njia ukingoni mwa genge kwa sababu juzi alikosewa. Hapa kwetu hakuna anayemwita jasiri. Dhuluma aliyotendewa Senna naielewa, lakini haikumpa haki ya kuuweka rehani uhai wa Prost. Ngumi aliyompiga dereva mwenzake Eddie Irvine mwaka 1993 ni jambo dogo mbele ya hilo.

Lakini haki inanitaka niseme pia habari ya uwanja wa Spa, Ubelgiji, mwaka 1992. Katika mazoezi dereva Erik Comas aligonga vibaya, akazirai garini, mguu wake ukiwa bado umekandamiza mafuta na injini ikinguruma. Senna alisimamisha gari lake, akakimbia kwa miguu barabarani wakati magari mengine yangali yakipita, akaizima injini ile isije ikawasha moto, kisha akakishika kichwa cha Comas hadi waganga walipofika. Hakukuwa na pointi wala kombe la kupigania. Kwa kipimo changu huo ndio ujasiri wake mkubwa kuliko wote, unaupita ule wa Monaco na wa Interlagos.

Na mtu huyo hakubaki palepale. Asubuhi ya siku aliyokufa, dereva mwenzake Roland Ratzenberger akiwa amefariki jana yake kwa ajali katika uwanja uleule wa Imola, Senna alizungumza na madereva wenzake, Prost miongoni mwao, juu ya kufufua chama chao ili wadai usalama kwa sauti moja. Chama hicho kilifufuliwa Monaco mwezi huohuo.