Nguzo za Coalbrook: tuliyoongea jioni ya tarehe 21 Januari

Shikamooni wakubwa, vijana mambo. Kabla sijasema chochote naomba dada aniwekee sinia hapa mezani. Hii miche ya sabuni nimenunua dukani hapo nje, nimeikata vipande tisa, navisimamisha mistari mitatu, alafu ubao juu, na juu ya ubao matofali mawili. Imekaa? Imekaa. Basi huo ndo mgodi wa makaa ya mawe wa Coalbrook, Afrika Kusini, upande wa Orange Free State, siyo mbali na Vereeniging. Kwa uchimbaji wa namna ile huchukui makaa yote, unaacha vipande vimesimama vishike paa, ndo nguzo hizo. Na nguzo yenyewe ni makaa, yani ni hela imesimama pale unaiangalia kila siku, shida ndo inaanzia hapo.

Mgodi ulikuwa unalisha vituo vya umeme, Taaibos na Highveld, na mitambo ya umeme haijui kushiba. Wakaamua kukata na makaa ya juu, kule darini, kwahiyo nguzo zikabaki na unene uleule lakini zikawa ndefu. Mimi sabuni siwezi kuirefusha, naikata ubavuni, ni kitu kilekile, nguzo nyembamba kwa urefu wake. Hiki cha katikati... mnaona kinavyopinda? Bado ubao haujaanguka. Ila mzigo aliokuwa anabeba haujapotea, kawaachia majirani, na majirani nao nimeshawakata.

Tarehe 28 Desemba 1959 paa liliporomoka sehemu moja ya mgodi. Hakuna aliyeumia, mkaguzi wa serikali hakuambiwa, kazi ikaendelea. Hapo mimi nakwama kila nikisoma habari hii, maana hata nyumba ya udongo ukuta ukipasuka usiku asubuhi unamuita fundi.

Wiki tatu na kidogo baadae, Alhamisi tarehe 21 Januari 1960, jioni, sehemu ikaanguka tena, ukaja upepo na vumbi, watu wakakimbilia kwenye njia ya kutokea. Walionusurika walisimulia kwamba kuna wenzao waliorudishwa kazini na wasimamizi. Alafu kama saa moja na nusu usiku nguzo zikaanza kufuatana, moja inaisukumia nyingine, mamia kwa mamia, ndani ya dakika chache, mpaka ardhi ya juu ikazama. (Samahani, matofali yameanguka, nilijua tu.) Zaidi ya watu 430 walibaki chini, mita zaidi ya 150. Wazungu walikuwa 6. Wengine wote ni Waafrika, wengi wao vijana wa Basutoland, ambayo leo ni Lesotho, na wa Msumbiji.

Waokoaji walitoboa mashimo kutoka juu, wakashusha maikrofoni kwenye shimo wasikie kama kuna mtu anagonga. Fikiria umekaa kando ya bomba umevaa spika za masikioni unasikiliza chini ya ardhi. Hawakusikia mtu. Miili haikutolewa, wako palepale mpaka leo.

Wajane wa wale Wazungu walipata pensheni, wajane wa Waafrika wakapewa hela ya mara moja basi. Na miezi miwili kamili baadae, tarehe 21 Machi, ng'ambo ya mto Vaal pale Sharpeville, polisi wakawaua watu 69, dunia ikageukia huko, Coalbrook ikasahaulika.

Mzee pale mbele ameuliza sisi inatuhusu nini. Mzee si unakumbuka Wenela, lile shirika la kuchukua vijana kwenda kufanya kazi migodini? Vijana wa Tukuyu na Mbeya walipandishwa kwenda Afrika Kusini na shirika hilohilo lililokuwa linachukua vijana wa Msumbiji, mpaka tulipopata uhuru Mwalimu akakataza.

Baada ya pale ndo wataalamu wakakaa kupiga hesabu za nguzo. Mwaka 1967 Salamon na Munro walitoa kanuni yao kutokana na migodi ya makaa ya Afrika Kusini, maeneo 98 ambayo nguzo zake zilisimama na 27 ambayo zilianguka, unaweka upana na urefu wa nguzo inakwambia itabeba kiasi gani. Wahandisi wengi bado wanaanzia hapo. Kati ya yale 27 yaliyoanguka, Coalbrook imo.